Kiti kimoja, pochi nne: uweke maili zako wapi kabla ya kuzitumia kwenye ndege za washirika

Jumapili moja usiku nilimpigia mama simu, Moshi, kumweleza kwamba tiketi yake ya kuja Toronto imepatikana. Shikamoo, marahaba, habari za migomba, habari za ng'ombe aliyezaa. Kisha nikamwambia sikununua kwa hela, nimekata kwa maili, zile pointi ambazo mashirika ya ndege huwahesabia wasafiri wao. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo ni ya bure?"

"Ndiyo, mama."

"Na zile dola ulizosema wamekukata?"

"Hizo kodi tu, mama."

"Mwanangu, kitu cha bure kina kodi?"

Mama ameuza ndizi soko la Mbuyuni miaka mingi, hesabu haimpiti. Nilicheka, lakini baada ya kukata simu nilifungua kompyuta na kuangalia upya. Kiti kilekile, tarehe ileile, ningekikata kupitia akaunti nyingine ningelipa kodi na tozo tofauti kabisa. Ndege moja ya Ethiopian, mlango mmoja wa kupandia, injera ileile, ila bei inategemea maili zako ziko kwenye pochi ya nani, yaani akaunti ya shirika gani.

Wengi wetu tunakosea hapo mwanzoni kabisa. Mtu anapanda Ethiopian, anajiandikisha kwenye programu yake ya maili, ShebaMiles. Akipanda KLM anajiandikisha Flying Blue, akipanda Qatar anafungua akaunti ya tatu. Baada ya miaka mitano ana maili elfu sita hapa, elfu nne pale, na hakuna hata moja inayomfikisha Nairobi. Ndege unayopanda na akaunti unayohesabia maili ni vitu viwili tofauti. Ukilielewa hilo, kilichobaki ni kuchagua.

Kwanza, nani ni ndugu ya nani

Mashirika makubwa yamejipanga katika miungano mitatu. Star Alliance ilianzishwa 1997, oneworld 1999, SkyTeam 2000. Ndani ya muungano, ukipanda ndege ya mwanachama mmoja unaweza kuhesabiwa maili kwenye programu ya mwanachama mwingine, na ukiwa na maili za huyu unaweza kukata kiti cha yule.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki picha iko hivi. Star ina Ethiopian, iliyoingia Desemba 2011, pamoja na Turkish, EgyptAir, Lufthansa, Brussels Airlines inayokwenda Kigali, Bujumbura, Entebbe na Kinshasa, na South African. Upande wa Amerika Kaskazini wapo United na Air Canada. SkyTeam ina Kenya Airways tangu 2010, KLM, Air France, Saudia na Delta. Oneworld ina Qatar Airways tangu 2013, British Airways, American, na sasa Oman Air, iliyoingia katikati ya 2025. Kwa Waswahili wa Muscat hiyo ni habari kubwa, maana wanaruka nayo moja kwa moja hadi Zanzibar na Dar.

Emirates haiko kwenye muungano wowote. Air Tanzania, RwandAir na Uganda Airlines nazo hazimo, ingawa RwandAir ina makubaliano yake na Qatar. Maana yake, tiketi yako ya maili ikifika Dar imefika mwisho. Mwanza, Mbeya au Kigoma utakata tiketi ya pili kwa hela yako. Acha nafasi ya kutosha kati ya hizo mbili, ikiwezekana ulale usiku mmoja, kwa sababu tiketi zikiwa mbili ndege ya kwanza ikichelewa hakuna atakayekulipia ya pili.

Star Alliance: palepale Addis, pochi nne

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu Ethiopian ndiyo inayofika miji mingi ya kwetu: Dar, Zanzibar, KIA (uwanja wa Kilimanjaro), Nairobi, Mombasa, Entebbe, Kigali, Bujumbura, Kinshasa, Lubumbashi. Kiti chake cha maili kwa washirika hutolewa kwenye herufi maalumu za nauli, X kwa daraja la kawaida na I kwa daraja la biashara. Herufi hiyo ikiwa wazi, United anaiona, Air Canada anaiona, Turkish anaiona. Kila mmoja anakipigia bei yake.

ShebaMiles ni pochi ya wenye nyumba. Kwa kawaida shirika huwafungulia wanachama wake viti vingi kuliko linavyowapa washirika, kwa hiyo ukiwa mfanyabiashara wa Kariakoo unayekwenda Guangzhou kupitia Addis mara tatu kwa mwaka, na huna mpango wa kupanda kingine, ina mantiki. Ila unajifunga kwa mtu mmoja.

MileagePlus ya United ina mambo mawili ninayoyapenda. Maili zake hazina mwisho wa muda, sheria hiyo ipo tangu 2019. Na haikutozi ile tozo ya shirika ambayo zamani iliitwa ya mafuta, unalipa kodi za viwanja na serikali basi. Kasoro yake ni kwamba waliondoa jedwali la bei. Leo kiti kina bei hii, mwezi ujao kimepanda na hakuna aliyekuambia. Unaweza kujiandikisha ukiwa Tandika au Eldoret, hawaulizi kama umewahi kukanyaga Marekani.

Aeroplan ya Air Canada ndiyo niliyoitumia kwa mama. Nayo haina tozo ya shirika, ila inakata dola 39 za Kanada kwenye tiketi yenye ndege ya mshirika. Hizo ni sehemu ya "kodi" alizoulizia mama, na kwa kweli si kodi, ni ada ya Air Canada wenyewe. Mama alikuwa sahihi. Faida yake ni kwamba kwa washirika wengi, Ethiopian akiwemo, bado ina jedwali la wazi linalokwenda kwa kanda na kwa umbali unaoruka.

Umbali huo usiupuuze. Kati ya Amerika Kaskazini na upande wetu, jedwali lina mstari kwenye maili 8,000 za umbali, si zile za pochi. Toronto hadi Addis ni kama maili 7,150. Ongeza Addis hadi Nairobi, kama 720, unapata 7,870, uko chini ya mstari. Ongeza badala yake Addis hadi Dar, kama 1,100, unapata 8,250, umevuka na bei imepanda ngazi nzima. KIA iko karibu kabisa na mstari wenyewe, kwa hiyo hesabu kwanza ndipo ufurahi. Safari yangu ya mwisho nilishukia Nairobi kwa makusudi, nikapanda basi la asubuhi kupitia Namanga, jioni niko Moshi nakunywa chai. Niliokoa pointi za kutosha kuanza kuwazia safari nyingine. Mke wangu, aliyekuwa na watoto wawili na mabegi manne, hakuiona akiba hiyo kwa jicho langu, na sitabishana naye hadharani.

Kwa pointi 5,000 za nyongeza, Aeroplan inakuruhusu pia kusimama siku kadhaa mji wa njiani. Addis Ababa au Istanbul, unachagua.

Miles&Smiles ya Turkish ilisifiwa sana miaka ya nyuma kwa bei za chini. Mwaka 2024 walipandisha. Bado inafaa kwa anayepita Istanbul mara kwa mara, wafanyabiashara wa nguo hasa. Ila maili zake zinaisha baada ya miaka mitatu, na tozo za shirika wanakupitishia pale zilipo.

Ningechagua ipi kati ya nne? Kwa aliyeko nyumbani anayesafiri mara moja kwa mwaka, United, kwa sababu maili zinamsubiri hata akikaa miaka minne bila kusafiri. Kwa aliyeko Kanada au Marekani mwenye kadi ya benki inayozalisha pointi, Aeroplan.

SkyTeam: Flying Blue, na kwa nini sikuichagua

Kenya Airways kwa miaka mingi iliwahesabia abiria wake maili kwenye Flying Blue ya Air France na KLM. Sasa ina programu yake, Asante Rewards. Mkenya wa Nairobi anayekwenda Mombasa, Kisumu, Dar na Entebbe kila mwezi aende Asante bila kufikiri sana, ni pochi ya nyumbani na safari zake ni za huko huko.

Flying Blue inabaki na nguvu kwa walioko Ulaya. Ina mambo mazuri: kila mwezi hutoa njia kadhaa kwa bei iliyopunguzwa, inaruhusu kusimama mji wa njiani bila nyongeza, na familia inaweza kuunganisha maili kwenye kapu moja. Kwa familia yenye baba Amsterdam na mama Nairobi, kapu hilo peke yake linatosha kuamua.

Lakini tozo. Tiketi ya daraja la biashara kwenye KLM au Air France inaweza kuja na tozo ya shirika nzito kiasi kwamba unajiuliza maili zilikuwa za nini. Bei yenyewe imekuwa ya kupanda na kushuka tangu 2018. Na maili zinaishi miezi 24. Safari moja ya kulipia na shirika la muungano inazipa uhai mpya, ila kwa anayerudi nyumbani kila baada ya miaka mitatu, hesabu haifiki.

Nalisema hili kwa uchungu. Kwenye programu moja, ambayo nitaiacha bila jina, nilikuwa na maili 38,000 nilizokusanya kwa safari za kazi. Nilikuwa nazitunza kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Nilipofungua akaunti nikakuta sifuri, na ujumbe wa heshima kabisa kunishukuru kwa kuwa mteja. Nilipiga simu. Wakaniambia walinitumia barua pepe tatu. Walinitumia kweli, kwenye anwani ya kazi niliyokuwa nimeshaacha.

Delta nayo iko SkyTeam na maili zake hazina mwisho wa muda, lakini bei zake hazina kichwa wala miguu. Itazame ukiwa huna njia nyingine. Safari ya Nairobi hadi New York bila kutua, ambayo Kenya Airways iliianza Oktoba 2018, ninaitafutia Flying Blue kwanza.

Oneworld: Avios za Doha na Avios za London

Hapa kuna ujanja mmoja mzuri kuliko yote, na wengi hawaujui. Qatar Airways na British Airways zote zinatumia sarafu moja, Avios. Qatar ilihamia huko 2022. Ukiunganisha akaunti zako mbili unahamisha Avios kutoka moja kwenda nyingine moja kwa moja, bila makato. Maana yake unaweza kukusanya London na kutumia Doha.

Na ni heri kutumia Doha. British Airways inaruka Nairobi, lakini Dar na Entebbe iliziacha zamani, na tozo zake kwa tiketi za maili ni za kutisha. Qatar nayo inatoza ya kwake, ila inafika Dar, Zanzibar, KIA, Nairobi, Mombasa, Entebbe na Kigali, na daraja lake la biashara ni la kupigiwa mfano.

Kuna kodi ya serikali ya Uingereza kwa kila anayeondoka huko, na maili hazikuepushi nayo. Kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 90 kwa daraja la kawaida kwenda umbali wetu, na pauni 216 kwa madaraja ya juu, na ina tabia ya kupanda. Haitozwi unapoingia. Kwa hiyo mwenye maili za njia moja tu azitumie kutoka Dar kwenda London, kwenye daraja la biashara, na kurudi anunue tiketi ya kawaida kwa hela. Tiketi za maili kwa sehemu kubwa zinauzwa njia moja moja, hulazimiki kukata kwenda na kurudi pamoja.

Avios zinaishi miezi 36 tangu uguse akaunti mara ya mwisho, kwa kupata au kutumia. Hata pointi chache kutoka kadi ya benki zinahesabika kuwa umegusa.

Emirates kwa ufupi

Skywards ni nzuri kwa anayepanda Emirates na flydubai tu, maana zote mbili zinatumia programu hiyo, na flydubai inakufikisha Zanzibar na Mombasa. Kwa tiketi za washirika haina uzito. Maili zinaishi miaka mitatu, na zinaisha mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa, zawadi ya ajabu ya siku ya kuzaliwa. Tozo za shirika zipo. Mwenzangu wa Dubai atanikasirikia, lakini ndivyo ninavyoona.

Kwa wenye haraka, kando kwa kando

| Programu | Uhai wa maili | Tozo ya shirika kwa ndege mshirika | Bei |
|---|---|---|---|
| United MileagePlus | Hazina mwisho | Hakuna | Haina jedwali |
| Aeroplan | Miezi 18 bila kugusa akaunti | Hakuna, ila dola 39 za Kanada | Jedwali kwa washirika wengi |
| Turkish Miles&Smiles | Miaka 3 | Ipo | Jedwali |
| Flying Blue | Miezi 24 | Ipo | Inapanda na kushuka |
| Avios (Qatar, BA) | Miezi 36 bila kugusa akaunti | Ipo, BA ni nzito zaidi | Inategemea umbali na shirika |
| Emirates Skywards | Miaka 3 | Ipo | Washirika wachache |

Maili zenyewe zinatoka wapi

Usidanganyike na safari. Flying Blue inampa mwanachama wa ngazi ya chini maili 4 kwa kila euro ya nauli, bila kuhesabu kodi. Tiketi ya euro 900, ukitoa kodi tuseme 250, inakuletea maili 2,600. Kwa mwendo huo tiketi moja ya bure utaipata ukiwa umestaafu.

Ukihesabia kwenye programu ya mshirika, mara nyingi wanapima umbali na kuuzidisha kwa asilimia ya herufi ya nauli yako. Dar hadi Guangzhou kupitia Addis, kwenda na kurudi, ni karibu maili 12,200. Herufi yako ikilipa nusu, unapata 6,100. Ikiwa ni ile nauli ya bei ya kutupa, unaweza kupata robo au usipate kabisa. Herufi hiyo imeandikwa kwenye tiketi yako, karibu na namba ya ndege. Itafute kwenye ukurasa wa mshirika kabla hujatoa namba yako ya uanachama pale kaunta, maana safari moja inahesabiwa pochi moja tu. Ukishaitoa, imeshatoka.

Walioko Marekani, Kanada na Uingereza wanatushinda hapa kwa kadi za benki. Pointi za American Express, Chase au Capital One zinahamishika kwenda Flying Blue, Aeroplan na Avios. Kanuni yangu: usihamishe hata pointi moja kabla hujakiona kiti kwa macho yako. Kuhamisha ni njia moja, hazirudi.

Viza: jambo ambalo waandishi wa Ulaya hawaligusi

Makala nyingi za maili zimeandikwa na watu ambao pasipoti zao zinafungua milango. Sisi tunakata tiketi kwanza, tunaomba viza, halafu tunasubiri. Kwa hiyo kigezo cha kwanza cha Mtanzania au Mkongomani kingekuwa: nikinyimwa viza, maili zangu zinarudi kwa gharama gani?

United inarudisha maili bila ada. Aeroplan inatoza kurudisha, na kiasi kinategemea aina ya tiketi. Flying Blue nayo ina ada. Viza ya mama ilichelewa wiki tano, nikabadilisha tarehe na nikalipia. Tangu siku hiyo, tiketi ya mtu ambaye viza yake haijagongwa naitafutia United kwanza, hata ikiwa na bei ya juu kidogo.

La pili ni njia. London inadai viza ya kupita kwa Watanzania, Wakenya, Waganda, Wanyarwanda, Warundi na Wakongomani hata kama hutoki nje ya uwanja, isipokuwa kwa wenye viza fulani, kama ya Marekani au Kanada. Wakongomani wa Kinshasa, Goma na Lubumbashi wanadaiwa viza ya uwanja wa ndege wakipita Paris, Brussels au Amsterdam, nako kukiwa na misamaha ya aina hiyo. Addis, Doha na Istanbul hazina usumbufu huo kwa anayebaki ndani na kuunganisha ndege. Hapo unaona kwa nini Star na Qatar vinanipendeza zaidi kuliko SkyTeam, hata kabla ya kugusa bei.

Kukitafuta kiti

Anza mapema, miezi kumi au kumi na moja kabla. Desemba viti vya maili kuelekea kwetu vinaondoka kama maandazi ya asubuhi, na Juni hadi Agosti hali ni hiyohiyo kwa sababu ya shule. Februari, Machi na Novemba utapata nafasi tele.

Tafuta kipande kwa kipande. Usiandike Toronto hadi KIA ukaamini jibu la "hakuna". Andika kwanza Toronto hadi Addis, kipande kirefu, ndicho kigumu. Ukikipata, andika Addis hadi KIA. Vikipatikana vyote, rudi uandike safari nzima. Mimi hutafutia kwenye ukurasa wa United, kwa sababu unaonyesha kalenda vizuri, kisha nathibitisha kwenye Aeroplan.

Nathibitisha kwa sababu ya viti hewa. Kama kulivyo na wafanyakazi hewa, kuna viti vinavyoonekana kwenye ukurasa mmoja lakini ukifika kulipa vinayeyuka. Kikionekana kwenye kurasa mbili tofauti, kwa kawaida kipo kweli. Kikionekana kwenye moja tu, usihamishe pointi.

Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mama anaitwa kwa jina la ubatizo kanisani, jina la mtaani kwa kila mtu mwingine, na pasipoti yake ina jina la tatu ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Tiketi ya mshirika ni ngumu kurekebishwa: shirika lililotoa tiketi linakuambia piga kwa linaloruka, linaloruka linakuambia rudi kwa aliyetoa. Nilimwomba jirani yetu apige picha ukurasa wa pasipoti na kunitumia, ndipo nikaandika.

Na tafadhali, wale wa kwenye magrupu ya WhatsApp wanaouza "tiketi za maili" nusu bei, waache. Programu karibu zote zinakataza kuuza maili kwa mtu mwingine, na wakigundua wanafuta tiketi, hata kama abiria ameshafika nusu ya safari. Kumkatia mzazi au ndugu kutoka akaunti yako ni halali kabisa. Kumkatia mteja si halali.

Baada ya safari, tunza pasi ya kupandia ndege mpaka maili zionekane kwenye akaunti. Washirika wanasahau kuhesabu mara nyingi kuliko inavyotakiwa, na bila kile kipande cha karatasi, au picha yake kwenye simu, huna cha kudai.

Mama alitua Toronto mwezi wa nne, na baridi bado ipo. Tiketi ya maili ilimpa mzigo uleule wa aliyelipa hela, mabegi mawili ya kilo 23. Moja lilikuwa na nguo. La pili lilikuwa na mchele wa Kahe, unga wa ulezi, na daftari dogo la shule ambamo alikuwa ameandika kwa kalamu kila dola niliyomtajia kwenye simu. Alinikabidhi daftari mezani kabla hajavua koti. "Hizi thelathini na tisa," akasema, "umeshajua ni za nini?"